Uwezo wa Miguu na Uwezo wa Mfuko

Siku hizi hapa Dar haipiti wiki bila mtu kukutumia tangazo la kuendesha baiskeli kwa kundi. Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, mahali fulani, wote mnakaribishwa, watu wa uwezo wowote. Juu yake kuna picha ya watu wenye kofia ngumu na miwani myeusi wakiinamia usukani. Wazo zuri kabisa, na mimi ni mpenzi wa baiskeli. Lakini kila nikilisoma tangazo hilo nakwama kwenye neno moja. Hivi, ni uwezo gani huo?

Maana Kiswahili nacho kina ujanja wake. Ukimwambia mtu kuwa fulani ana uwezo, hatafikiria mapafu yake wala misuli ya mapaja. Atafikiria nyumba, gari na shule wanayosoma watoto. "Familia yenye uwezo" si familia inayokimbia marathoni. Kwa hiyo tangazo linalosema uwezo wowote linauliza maswali mawili kwa neno moja: miguu yako ina nguvu kiasi gani, na mfuko wako je? Nimekuwa nikisoma historia ya watu kuendesha baiskeli kwa makundi, na nilichokiona ni kwamba maswali haya mawili hayajawahi kuachana. Karibu kila kundi lililosema "wote" lilikuwa na mtu wake wa kuachwa nyuma, na mara nyingi hakuachwa kwa sababu ya miguu.

Turudi Uingereza miaka ya 1870. Baiskeli ya wakati ule ni ile unayoiona kwenye picha za zamani, gurudumu la mbele kubwa linalofika kifuani kwa mtu mzima, la nyuma dogo kama la toroli. Unakaa juu kabisa. Ukigonga jiwe, unaruka kichwa kwanza. Ilikuwa ghali, na haikumfaa mwanamke wa zama zile aliyevaa sketi ya kufagia njia. Basi waliokuwa nazo ni vijana wa kiume wenye nafasi, nao wakaanzisha vilabu. Pickwick Bicycle Club ya London ilianzishwa mwaka 1870, na ipo hadi leo. Mwaka 1878 kikazaliwa chama cha waendesha baiskeli wa matembezi, ambacho baadaye kilijulikana kama Cyclists' Touring Club na tangu 2016 kinaitwa Cycling UK.

Vilabu vile viliendeshwa kijeshi kweli kweli. Kulikuwa na sare na nahodha wa mbele, kulikuwa na msaidizi wa nyuma, na kulikuwa na mpiga tarumbeta! Tarumbeta moja ya kupanda, nyingine ya kushuka. Unaweza kucheka, lakini ndani ya mchezo ule kulikuwa na akili ambayo bado inatumika. Kundi la baiskeli ni mnyama wa ajabu. Anayekaa nyuma ya mwenzake anakingwa upepo na kupunguziwa kazi, karibu theluthi kama wamekaribiana na kasi ni nzuri. Lakini kundi likiwa refu linavutika kama mpira. Wa mbele akipunguza kidogo kwenye kona, wa mwisho anasimama kabisa, halafu wa mbele akiongeza kidogo, wa mwisho anakimbia kama anafukuzwa na mbwa. Yaani aliye dhaifu ndiye anayefanya kazi kubwa kuliko wote. Nahodha wa mbele na yule wa nyuma waliwekwa kwa sababu hiyo.

Halafu kuna dhuluma ya kilimani, ambayo kila aliyewahi kuwa wa mwisho anaijua. Wenye nguvu wanafika juu kwanza, wanashuka, wanakunywa maji, wanapiga soga. Wewe unafika unahema, ulimi nje. Wanakuona, wanafurahi, wanasema haya twende. Wao wamepumzika dakika kumi, wewe hata moja hujapata. Na wote wanaamini kabisa kuwa walikusubiri.

Mambo yalibadilika mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry alipoleta baiskeli ya Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana ukubwa na cheni ya kuzungusha gurudumu la nyuma. Hiyo ndiyo mama wa baiskeli zote tunazoziona Manzese na Mbagala. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akatengeneza tairi la upepo. Sasa hata asiye jasiri aliweza kupanda, na wanawake wakapanda kwa wingi. Katikati ya miaka ya 1890 baiskeli ikawa homa Ulaya na Marekani.

Na hapo ndipo milango ilipoanza kuwekewa walinzi.

Marekani kulikuwa na chama kikubwa kilichoitwa League of American Wheelmen, kilichoanzishwa Newport, Rhode Island, mwaka 1880. Hawa hawakuwa watu wa mchezo. Walipigania barabara nzuri wakati magari bado hayajawa kitu, na mwaka 1898 walikuwa na wanachama zaidi ya laki moja. Dereva anayempigia honi mwendesha baiskeli atoke barabarani pengine hajui kuwa waliopiga kelele za kwanza barabara ziwekwe sawa walikuwa watu wa baiskeli. Lakini mwaka 1894, katika mkutano wao mkuu uliofanyika Louisville, Kentucky, walipitisha kipengele kwamba mwanachama awe mzungu. Kimeandikwa, kimepigiwa kura, kimepita.

Sasa kulikuwa na binti Boston aliyeitwa Kittie Knox. Alizaliwa mwaka 1874, baba mweusi na mama mzungu, na alikuwa mshonaji. Alikuwa akiendesha na klabu ya weusi ya Riverside, na alikuwa amejiunga na ile League mwaka 1893, yaani kabla ya kipengele. Wanawake wengi wa wakati huo walipanda baiskeli na sketi zao ndefu. Knox alijishonea suti yake mwenyewe yenye suruali pana ya kuishia chini ya magoti, na akashinda nayo mashindano ya mavazi. Julai 1895 akaenda kwenye mkusanyiko wa mwaka wa League kule Asbury Park, New Jersey, akatoa kadi yake ya uanachama. Wapo waliokataa kuitambua. Magazeti yakalidaka jambo hilo, na mjadala ukawa mkubwa: ana haki au hana? Jarida la chama lenyewe lilibidi lieleze kuwa alijiunga kabla ya 1894, na kanuni mpya hairudi nyuma.

Angalia vizuri hapo. Hakuna aliyesema hajui kuendesha. Alikuwa anajua sana, alimaliza safari za maili mia moja. Hata uwezo wa mfuko hakuwa nao mkubwa, mshonaji ni mshonaji, lakini baiskeli alikuwa nayo na ada alikuwa amelipa. Akakutana na uwezo wa tatu, ambao haumo kwenye tangazo la mtu yeyote, uwezo wa kuzaliwa na ngozi inayotakiwa. Knox alifariki mwaka 1900, akiwa na miaka 26, na kaburi lake lilikaa zaidi ya karne bila jiwe lenye jina mpaka 2013. Chama, ambacho sasa kinaitwa League of American Bicyclists, kilikifuta kipengele kile rasmi mwaka 1999. Ndiyo, 1999. Kilikuwa kimekufa chenyewe zamani, lakini hakuna aliyekumbuka kukizika.

Turudi Uingereza, maana huko kuna hadithi ninayoipenda zaidi, labda kwa sababu inaanzia kwenye gazeti.

Robert Blatchford alikuwa mwandishi wa magazeti mwenye mshahara mnono. Akaanza kuandika mambo ya ujamaa, mwenye gazeti hakupenda, Blatchford akaondoka. Mwishoni mwa 1891 akaanzisha na wenzake gazeti la kila wiki mjini Manchester, The Clarion, bei yake peni moja. (Wenzangu wa chumba cha habari, mnasoma? Kuacha mshahara! Mimi nangoja mwisho wa mwezi kama wengine.) Aliandika ujamaa kwa lugha ya mtu wa kiwandani, na mfululizo wake uliotoka kama kitabu cha Merrie England uliuzwa kwa malaki.

Februari 1894 vijana wachache wa Birmingham, wasomaji wa gazeti hilo, wakaamua kuanzisha klabu ya baiskeli ya wajamaa. Mmoja wao aliitwa Tom Groom. Muda si mrefu wakachukua jina la gazeti wenyewe: Clarion Cycling Club. Vilabu vikaota miji mingine, na Pasaka ya 1895 wakakutana Ashbourne, Derbyshire, wakaunda umoja wa nchi nzima.

Hawa walifanya jambo ambalo Pickwick hawakulifikiria. Waliichukua ile safari ya Jumapili ya watu wenye nafasi wakaigawa kwa makarani, mafundi na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Wanawake na wanaume waliendesha pamoja. Walibeba magazeti na vijitabu kwenye baiskeli, wakifika kijijini wanagawa, mmoja anapanda juu ya kitu na kuhutubia, halafu chai, halafu wimbo, halafu kurudi. Wakikutana njiani na wenzao walipigiana kelele: mmoja anasema "Boots!" mwingine anajibu "Spurs!", yaani viatu, na vile vyuma vya kumchocheza farasi. Walianzisha hata nyumba zao za mapumziko mashambani, ili mtu wa mjini asiye na pesa ya hoteli apate pa kulala.

Na tusisahau suala la siku. Mfanyakazi wa kiwanda alikuwa na Jumapili, na Jumamosi mchana kama ana bahati. Basi. Viongozi wengi wa dini walichukia kuona vijana wakipita na baiskeli saa ya ibada. Lakini kama mtu anafanya kazi siku sita, safari ya Jumapili ndiyo safari pekee aliyonayo. Muda nao ni uwezo, na huu hauonekani hata kwenye picha.

Basi nikafikiri hapa sasa nimepata kundi ambalo halikumwacha mtu. Kumbe la.

Mwaka 1896 hivi, mabinti wawili wa wakili wa Manchester walijiunga na safari za Clarion. Mkubwa ni Christabel Pankhurst, mdogo ni Sylvia, aliyekuwa na miaka kama kumi na minne. Ndio hao Pankhurst wa harakati za wanawake kupata kura. Sylvia aliandika kumbukumbu zake, The Suffragette Movement, zilizotoka mwaka 1931, na humo anasimulia safari hizo za Jumapili. Christabel alikuwa na baiskeli nzuri ya kiwandani. Ya Sylvia ilitengenezwa na mfanyakazi mmoja mjamaa kwa mabomba ya gesi. Mabomba ya gesi, ndugu msomaji! Chuma kizito kile. Kundi likiondoka, Christabel anatangulia nalo, na mdogo wake anabaki nyuma peke yake, anasukuma ule mzigo kwenye vilima vya Cheshire, wenzake hawaonekani tena.

Nilipoisoma sehemu hiyo niliona suala zima limekaa pale. Klabu ya wajamaa, watu wanaoimba undugu, na binti wa miaka kumi na minne yuko nyuma. Kwa nini? Wangeuliza wangejibiwa kuwa hana mazoezi, bado mdogo. Lakini dada mtu hakumpita kwa miguu peke yake. Alimpita pia kwa chuma. Uwezo wa mfuko ulikuwa umevaa nguo za uwezo wa miguu, na ukiangalia kutoka mbele huwezi kuutofautisha. Na hawa walikuwa watoto wa nyumba moja. Sembuse wa nyumba mbili.

Clarion iliendelea kukua hata baada ya Blatchford mwenyewe kuwakatisha tamaa wengi wa wasomaji wake kwa kuunga mkono vita vya Uingereza, kwanza dhidi ya Makaburu wa Afrika Kusini na baadaye ile ya 1914. Kilele chake kilikuwa mwaka 1936, wanachama zaidi ya 8,000. Klabu bado ipo. Mwaka 2021 walipiga kura kuuondoa ujamaa kwenye katiba yao. Sisi bado tunao kwenye ibara ya 3 ya katiba yetu, kwa hiyo tumewashinda kwa kitu kimoja.

Zipo dawa nyingine zilizojaribiwa. Wataliano, na baada yao Wafaransa mwaka 1904 chini ya Henri Desgrange, yule mwanzilishi wa Tour de France, walianzisha mwendo wa Audax: nahodha anashika kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna anayeruhusiwa kumpita, na wote wanafika pamoja. Leo kasi hiyo huwa kilomita 22.5 kwa saa. Ni haki nzuri kwa anayeweza 22.5. Anayeweza 14 hana lake hapo.

Dawa iliyonishangaza zaidi ilitoka Colombia, na ilianza kwa kuachana na kundi lenyewe. Desemba 15, 1974, msanifu majengo Jaime Ortiz Mariño na wenzake walikusanya maelfu ya watu wenye baiskeli katika barabara kuu mbili za Bogotá, Carrera 7 na Carrera 13, wakipinga jiji kutawaliwa na magari. Mwaka 1976 meya Luis Prieto Ocampo akaliweka jambo hilo kwenye amri za jiji, likaitwa Ciclovía. Kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, barabara zinafungwa kwa magari na kuachiwa watu. Kwa miaka mingi ilikuwa ndogo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, Gil Peñalosa alipokuwa akisimamia bustani na michezo ya jiji, ilikuzwa mpaka ikavuka kilomita 100, na sasa inahesabiwa watu zaidi ya milioni moja kwa Jumapili nzuri.

Pale hakuna nahodha, kwa hiyo hakuna wa mwisho. Huwezi kuachwa nyuma na kundi ambalo halina mbele. Bibi anatembea, mtoto yuko kwenye baiskeli ya magurudumu manne, kijana mwenye baiskeli ya mamilioni anapita, fundi ameweka pampu na viraka pembeni anaziba pancha. Njia zenyewe zinaunganisha kaskazini ya matajiri na kusini ya maskini, na Bogotá hawa wawili hawakutani kirahisi. Pia hakuna anayekuambia uje saa kumi na mbili kamili. Ukiamka saa nne, barabara bado ni yako.

San Francisco walikuwa na njia yao. Ijumaa moja ya Septemba 1992, watu kama hamsini waliondoka kazini wakaamua kurudi nyumbani pamoja kwa baiskeli, barabara hiyo hiyo, saa hiyo hiyo ya foleni. Baadaye wakajiita Critical Mass, jina lililotoka kwenye filamu ya Ted White ambamo mtengenezaji baiskeli George Bliss anaeleza jinsi waendesha baiskeli wa China wanavyokusanyika kwenye makutano mpaka wakiwa wengi wa kutosha, halafu wanavuka wote kwa pamoja. Sisi hapa tunalijua hilo bila filamu, ndivyo tunavyovuka Morogoro Road kwa miguu. Safari hizo hazina kiongozi. Wachache wanasimama mbele ya magari kwenye makutano mpaka mtu wa mwisho apite, na kwa kuwa kundi ni nene, linakwenda polepole. Ni nzuri kwa mgeni, lakini pia ina ugomvi. Julai 1997 meya Willie Brown aliamua kukomesha, polisi wakakamata watu zaidi ya mia, na mwezi uliofuata safari ikaendelea. Mtindo ule ukasambaa miji mingi duniani. Nairobi nako ulifika.

Detroit, mji wa Ford na General Motors, Jason Hall na Mike MacKool walianza mwaka 2010 safari ya Jumatatu jioni waliyoiita Slow Roll. Polepole imo ndani ya jina kabisa. Mji ulikuwa unakufa, mwaka 2013 ulitangaza kufilisika, lakini Jumatatu jioni maelfu walikuwa wakipita na baiskeli za kila aina, nyingine zina taa za rangi na spika kubwa za muziki, katika mitaa ambayo watu wa vitongojini walikuwa wameacha kuikanyaga. Ninachokipenda pale ni kwamba baiskeli ya kifahari haikusaidii kitu. Kasi ni ya kutembeza macho, mwenye chuma cha bomba la gesi angekaa katikati kabisa.

Kwetu huku, Kigali ilianza siku ya bila magari Mei 2016, kwanza mara moja kwa mwezi, baadaye mara mbili. Barabara zinafungwa Jumapili asubuhi, watu wanakimbia, wanatembea, wanapanda baiskeli, na pembeni kuna wanaopima presha na sukari bure. Na Kigali ni vilima juu ya vilima! Desemba 2018 Addis Ababa nayo ikaanza, inaitwa Menged Le Sew, barabara kwa ajili ya watu.

Niliposoma habari za Addis nilimkumbuka tena Sylvia Pankhurst. Yule mtoto wa baiskeli ya bomba alikua akawa mwandishi na mwanaharakati, na Italia ilipoivamia Ethiopia alianzisha mwaka 1936 gazeti la kuitetea, New Times and Ethiopia News. Mwaka 1956 alihamia Addis Ababa, akafariki huko mwaka 1960, na amezikwa mbele ya Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu. Anapumzika katika mji ambao miaka 58 baadaye ulianza kufunga barabara ili aendaye polepole apite.

Sasa Dar. Simsemi mtu vibaya, na wapo waliofanya kazi nzuri. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa jiji hili, waliandaa misafara iliyowachanganya wabeba mizigo, wanafunzi na watu wa maofisini, na walidai njia za baiskeli wakati wengi wetu tunacheka. Lakini simama Jumapili alfajiri kando ya barabara yoyote kubwa uangalie wanaopita. Kwanza linapita kundi la wenye baiskeli nyepesi, nguo za kubana, chupa za maji, gari la wasaidizi nyuma. Kisha anatokea mzee kutoka upande wa Kisarawe na magunia ya mkaa kwenye keria, amesimama juu ya pedali. Nyuma yake kijana wa mikate. Ukiwapima miguu peke yake, mzee wa mkaa anawaacha wote. Yeye ndiye bingwa. Lakini tangazo halikumfikia, na lingemfikia angejiuliza kwa nini mtu aamke saa kumi alfajiri aende kilomita arobaini bila mzigo na bila mteja.

Hapa ndipo jambo linapouma. Anayegongwa na magari usiku bila taa ni huyu wa mkaa na yule wa mikate, na mwenye sauti ya kumfikia mkuu wa mkoa ni yule wa nguo za kubana. Njia za baiskeli zilizojengwa pembeni ya mwendokasi, mradi ulioanza kutoa huduma Mei 2016, mara nyingi zimejaa bodaboda na meza za biashara. Mwenye baiskeli ya Jumapili hapati shida sana na hilo, alfajiri anatumia barabara yenyewe. Kama makundi haya mawili hayatawahi kuendesha pamoja hata siku moja, wenye sauti watajuaje kinachowakuta wengine? Mimi sitegemei mzee wa mkaa aje saa kumi na mbili kwenye mkutano wa watu wenye saa za kupima mapigo ya moyo. Nategemea barabara iende kwake, ifungwe kwa magari, ikae wazi mpaka mchana, apite na mzigo wake, auze akitaka, mafundi wakae pembeni na pampu zao, mtoto wake ajifunzie hapo.

Hata mahali pa kuanzia napajua. Mtaa wa Samora, Jumapili. Ofisi zimefungwa, magari ni machache mno, polisi wawili wanatosha. Kutoka Mnara wa Saa hadi Sanamu ya Askari hakuna kilima hata kimoja.